Wifi Yangu na Kompyuta ya Tufaha

Wifi yangu alikuwa anachapa kwa kasi hata makarani wa mahakamani wakamwita Cherehani. Ukipanda ngazi za jengo letu, kabla hujafika mlangoni, unasikia tatatata, kimya kidogo, halafu tatatata tena, ungedhani kuna mtu ndani anashona sare za shule nzima. Ni mke wa kaka yangu. Yeye ndiye aliyeniombea kazi katika ofisi ile ya uwakili nilipofiwa na mume wangu, kazi ya kufagia, kupiga deki na kuchemsha chai. Yeye alichapa mikataba, mimi nikabeba vikombe, na kwa watu wote wa pale nilikuwa Mama Chai.

Alianza na zile mashine za chuma za kugonga. Kompyuta zilipokuja alipewa yenye Windows, na tangu hapo hakutaka kujua nyingine. Kompyuta ilikufa, ikaletwa mpya, nayo ikafa, lakini kwake zote zilikuwa moja, kwa sababu vidole vilikuta kila kitu mahali pake. Kidole cha mwisho kwenye kona ya chini kushoto, kingine kwenye herufi, kazi imehifadhiwa. Kona ile ile na herufi nyingine, karatasi inatoka. Kipanya hakukigusa. Kilikaa pale pembeni kikiota vumbi, nami nikikipangusa kila Jumatatu.

Watu waliona ni ufundi. Ulikuwa ufundi kweli, lakini kulikuwa na jambo lingine.

Macho yake yaliharibika katikati. Sijui nieleze vipi mtu aelewe. Pembeni aliona: mlango, kiti, mtu anayepita. Lakini chochote alichokikazia macho, pale pale kilifunikwa na kiwingu. Akikutazama, ulikuwa na mabega na masikio, uso huna. Nilimsindikiza hospitali mimi mwenyewe. Daktari alizungumza polepole, akasema miwani haitafaa kitu, na kilichopotea hakitarudi. Wifi alimshukuru, akamtakia kazi njema, tukatoka. Njiani ndipo akanibana mkono.

"Wifi, kaka yako asilisikie hili."

"Mume wako asijue? Wifi, Mungu hapendi."

"Mungu ameshajua, sijamficha. Kaka yako akijua leo, kesho nimekalishwa nyumbani natazamwa kama kuku mgonjwa. Mimi bado ni mchapaji, wifi. Niache niwe mchapaji."

Hilo tu ndilo alilolitaka. Si cheo, si sifa. Alitaka kila asubuhi avae viatu vyake vya ofisini, apande zile ngazi, akae kwenye kile kiti awe mtu mwenye kazi yake. Alijua siku ikijulikana haoni, kiti kitaondoka, na kikiondoka kiti, yeye mwenyewe naye ataondoka, atabaki mgonjwa wa watu. Nilimwelewa. Nikala yamini kimoyomoyo kwamba kwangu halitatoka.

Basi tukajitengenezea utaratibu. Funguo za ofisi zilikuwa kwangu. Nilifungua mapema kabla ya wengine, nikafagia haraka haraka, naye akawa amefika. Karatasi za rasimu, zilizoandikwa kwa mkono, zilikuwa mezani kwake tangu jana. Ninafunga mlango, naegemeza ufagio, nakaa kwenye stuli na kusoma kwa sauti, naye anachapa kile anachokisikia. Elimu yangu ni ya msingi. Kusoma najua, lakini maneno ya kisheria ni marefu, mengine kama treni, na nilikuwa nikiyakata kati.

"Wifi, unasoma kama mtu anayevuka mto kwa kurukia mawe," ananiambia.

"Na wewe unachapa kama mtu anayekimbizwa na nyuki. Subiri nimalize mstari."

"Mstari wenyewe ushafika?"

"Bado. Huyu muuzaji ana majina kama kamba."

"Soma tu, mama. Mumeo Mungu amrehemu, alikuvumiliaje?"

Tunacheka hadi machozi. Ukiwa na wifi wa namna ile, siku inaanza vizuri. Wengine wakifika, mimi niko jikoni na birika, yeye yuko kwenye kiti anagonga, na kwenye kioo herufi zimekuzwa kila moja kama kipande cha tofali. Akiulizwa anasema anapenda herufi kubwa, anaona raha. Kioo kilikuwa kimeupa mlango kisogo. Wageni aliwasalimu kwa sauti zao na kwa mwendo wao. Hakukosea hata siku moja, nami sikumsaidia katika hilo.

Tena Mzee Wakili, mwenye ofisi, naye alikuwa rahisi. Mambo mengi hakuyaandika. Aliweka mikono nyuma akawa anatembea chumbani huku na huku akisema, wifi akigonga nyuma yake. Akimaliza sentensi wifi naye amemaliza. Wale wawili walikuwa kama mguu wa kulia na wa kushoto.

Mzee Wakili alichoka magoti, akastaafu. Akaingia binti yake, tuliyemwita Wakili Mdogo, ingawa alikuwa ameshazaa, tena baba yake alipenda kumtania kwamba ataota kipara kwa kuwaza. Binti yule alikulia pale pale. Akitoka shule alikuja kukaa chini ya meza ya wifi na madaftari yake, na wifi ndiye aliyemsuka, akamkata kucha, akamfunga kamba za viatu. Alimwita Shangazi, mbele ya wateja na nyuma ya wateja. Si mtu mbaya. Nalisema hili mapema, maana mtu anaweza kunisoma akaanza kumchukia.

Alikuja na kompyuta zake. Nyembamba, rangi ya kijiko, mgongoni zina tufaha lililong'atwa. Alisema amezizoea tangu chuoni, na ofisi yote itumie aina moja ili faili zisisumbue. Akaja fundi wa kompyuta, kijana wa watu mwenye adabu, akaing'oa ile ya wifi na nyaya zake zote, akaiweka sakafuni karibu na ndoo yangu. Akamwekea mpya.

"Shangazi, utaipenda," Wakili Mdogo akasema. "Ukiizoea hii, ile hutaitaka tena."

"Mwanangu, mimi na ile tumezeeka pamoja."

"Ndiyo maana nimekuletea mbichi."

Watu wakacheka. Wifi naye akacheka. Mimi nilikuwa nimesimama na trei, nikaona vidole vyake vimeshuka kwenye kibodi vinatafuta. Vilipapasa katikati, vikapata vile vijipele viwili vidogo vilivyo kwenye herufi mbili za katikati, na nikamwona ameshusha pumzi. Herufi zilikuwa mahali pake. Angalau hilo.

Lakini zaidi ya herufi, hakuna kilichokuwa mahali pake. Kesho yake asubuhi tulipofunga mlango, kidole cha mwisho kilikwenda kwenye kona, na kona ile ikamsaliti. Akabonyeza cha kuhifadhi, kimya. Akabonyeza cha kwenda mwisho wa mstari, kitufe chenyewe hakipo. Kile alichozoea kifute herufi ya mbele, hapa kilifuta ya nyuma. Alikuwa kama mtu aliyeingia gizani ndani ya nyumba yake, akakuta kuna mtu amepanga upya vyombo vyote.

"Wifi, hebu niangalizie. Pembeni ya kile kirefu cha nafasi, pana nini?"

Nikainama na miwani yangu ya kusomea. "Kuna kimoja kimechorwa kama ua. Ua lenye vitanzi vinne."

"Ua?"

"Basi tuseme fundo. Kama fundo la kamba ya mbuzi."

"Mungu wangu. Tangu lini kompyuta ikafungwa kamba ya mbuzi?"

Lile ua ndilo lilikuwa ufunguo. Fundi alipopita alituambia: kila ulichokuwa ukifanya kwa kidole cha mwisho kwenye kona, hapa unakifanya kwa kidole gumba kwenye kile cha ua. Kuhifadhi, gumba. Kutoa karatasi, gumba. Kutafuta neno, gumba. Na ukiona kama imeganda, bonyeza gumba na kile cha kuruka kutoka kisanduku hadi kisanduku, itakurudisha kwenye kazi yako. Wifi akaomba arudie, akaomba arudie tena, fundi akarudia bila kuchoka. Yeye hakujua alikuwa anampa mtu fimbo ya kutembelea.

Nilimwombea sana siku zile. Nikiwa napiga deki nasali, nikiwa nasuuza vikombe nasali, namwambia Mungu vidole hivi umevipa wewe, visimfedheheshe. Na kweli, gumba lilianza kujifunza. Jioni kaka yangu alikuwa ananiambia, "Mwenzako siku hizi anagonga meza akiwa anakula. Gumba tu, gumba, gumba. Ana nini?" Nikamwambia anajifunza kompyuta mpya. Kaka akacheka, akasema mke wake ni mtu wa maendeleo. Sauti ya cherehani ilipungua ofisini, kwa sababu vitufe vipya vilikuwa laini havina mlio, lakini kazi ilitoka. Tukajua tumevuka.

Sasa mwelewe jinsi mikataba inavyotengenezwa. Hakuna anayeandika mkataba wa nyumba kuanzia mwanzo. Unachukua wa mwezi uliopita, unabadilisha kiwanja, mipaka na bei, halafu unaamuru kompyuta ilitoe jina la muuzaji wa zamani kila lilipo na kuweka la mpya. Wifi alilifanya hilo maelfu ya mara: kona na herufi H, kinafunguka kisanduku, anaandika jina la zamani, anaruka, anaandika jipya, anaamuru yote yabadilike. Anafanya hivyo kwa muda wa mtu kupiga chafya. Kwenye hii ya tufaha alikuwa bado hajalifanya.

Siku ile alikuja mama mmoja mjane kuuza nyumba. Alikuja na kaka yake, mtu mnene wa maneno mengi, na mnunuzi alikuja na mke wake. Wakaketi chumbani kwa Wakili Mdogo, nami nikawa napeleka chai. Mkataba wao tulikuwa tumeusoma asubuhi mimi na wifi mpaka mwisho: kiwanja sawa, mipaka sawa, jina la muuzaji tu ndilo lililobaki la mwezi uliopita, likingoja mwenyewe afike. Alipofika, mjane aliomba jina lake liandikwe lile la kwenye kitambulisho, si lile la ndoa. Kwa hiyo Wakili Mdogo alimwambia wifi kwa sauti kupitia mlangoni achukue ule wa asubuhi, atoe jina la zamani, aweke hili, autoe. Akamtajia jina. Wifi akajibu, "Sawa, mwanangu, dakika moja."

Mimi nilikuwa jikoni. Printa sasa ilikuwa chumbani kwa Wakili Mdogo. Nilimsikia wifi akinung'unika kwamba imeganda, bila shaka akabonyeza gumba na kile cha kuruka kama fundi alivyotuambia, kisha nikasikia printa ikiimba, nikajua imetoka.

Nilirudi na sukari, nikamkuta Wakili Mdogo ameanza kuwasomea, kama sheria inavyotaka, sauti nzuri ya kusoma. Akataja kiwanja. Akataja mtaa. Akasema, "Mimi, muuzaji..." akataja jina. Halikuwa la mjane. Lilikuwa la mwanamume, muuza mabati aliyeuza nyumba yake mwezi uliopita.

Kaka wa mjane akacheka. "Dada! Kumbe una mume tusiyemjua?"

Hata mjane mwenyewe akatabasamu. Wakili Mdogo akaomba radhi, akageuza ukurasa. Jina lile lile. Akageuza wa sahihi, chini kabisa, jina la muuza mabati limekaa limetulia kama mwenye nyumba.

Hapo kicheko kikakauka. Yule kaka akasimama. "Subiri kwanza. Dada yangu atie sahihi chini ya jina la mtu mwingine? Nyumba hii inauzwa na nani? Hapa tunaibiwa mchana kweupe."

"Mzee, ni makosa ya uchapaji..."

"Makosa mara tatu? Kila ukurasa? Binti, baba yako hakuwa hivi. Dada, inuka."

Mnunuzi naye akaona mke wake amemkazia macho, akainuka. Chai nilizowamiminia zilibaki na moshi wake. Nikasikia viatu vyao vikiteremka ngazi, na yule mtu mnene akieleza kila aliyekutana naye.

Wakili Mdogo hakupiga kelele. Bora angepiga. Alitoka akasimama nyuma ya kiti cha wifi, akasema kwa upole, "Shangazi, hebu nionyeshe ulivyobadilisha majina. Pengine ni mimi sikukuelekeza."

Wifi aliweka mikono kwenye kibodi. Kwa vile alikuwa hajui kosa liko wapi, hakuwa na wasiwasi. Aliufungua mkataba, sote tukauona umejaa kioo kizima. Gumba kwenye ua, kidole kwenye H.

Mkataba ukatoweka. Wote, mara moja, kama mtu amezima taa. Kioo kikabaki na picha ya milima yenye theluji, ile iliyokuja na kompyuta.

Na wifi akaendelea kuandika. Jina la zamani. Akaruka. Jina jipya. Akaamuru yabadilike. Alikuwa ameketi wima, kidevu juu, anaichapia milima. Nilitaka kukohoa, nilitaka kuangusha kikombe, mkono ukawa jiwe.

"Tayari," akasema.

Wakili Mdogo alitazama kioo, akamtazama yeye, akatazama kioo tena. "Shangazi, hapa kile cha ua na H si kubadilisha. Ni kuficha dirisha. Limejificha. Hukuliona likipotea?"

Vidole vya wifi vikarudi kwenye vile vijipele viwili vya katikati.

"Hapo mbele yako unaona nini sasa hivi?"

"Naona mkataba," wifi akasema.

Wakili Mdogo akaweka mkono mdomoni. Halafu, kama watu wote wafanyavyo, akainua vidole vyake mbele ya uso wa wifi. "Vingapi?"

"Usinihesabishe vidole, mwanangu," wifi akasema taratibu. "Hivyo vyako nilivikata kucha mimi."

Yule binti akaanza kulia. Wifi hakulia. Alitafuta kingo ya meza kwa mikono miwili akaishika, akasema, "Mama Chai hana kosa. Nilimwambia mimi." Hata hapo alinikumbuka.

Fundi aliitwa, sijui kwa nini, nadhani Wakili Mdogo alitaka awepo mtu wa kufanya kitu. Alisikiliza, akashika kichwa. "Mama, mbona hukusema? Hii inaongea." Akabonyeza mahali, na kweli, kompyuta ikafungua mdomo. Ilisoma mkataba wa mjane kwa sauti ya mwanamke, Kiswahili chetu kikatoka na lafudhi ya mgeni aliyeshuka uwanja wa ndege jana. Kila neno lilivunjwa shingo.

Wifi akatega sikio. Uso wake ukafunguka, naapa nilimwona amekuwa kama msichana. "Sikiliza huyu! Huyu alikaa dawati moja na wifi yangu!" Tukacheka, mimi na yeye, katikati ya msiba ule.

"Itakuambia kila unachobonyeza," fundi akasema. "Dirisha likijificha itakuambia. Ukizoea lafudhi yake, unafanya kazi yote." Kisha akaongeza, mdomo wake ulikwenda mbele ya akili, "Hata ile ya zamani ilikuwa na sauti yake. Miaka yote. Ilikuwa ni kuiwasha tu."

Nilikaa chini. Asubuhi zote zile, mlango tumeufunga kama wezi, mimi nakata maneno ya sheria vipande vipande, na kile kitu chenyewe kilikuwa na mdomo wake kimeufumba, kwa sababu hakuna aliyethubutu kuuliza. Ukitaka kuuliza ilibidi kwanza useme huoni.

Wifi hakuwa na muda wa majuto. Aligeukia upande ilikotoka sauti ya Wakili Mdogo. "Nipe nafasi nijifunze hii. Nimejifunza gumba, nitajifunza na sikio. Makosa ya leo yatakuwa ya mwisho."

Wakili Mdogo alivuta kiti akakaa magoti kwa magoti naye. Akamshika mikono. Ilibidi aseme lile alilolisema? Nimejiuliza sana. Nadhani alidhani ukweli utampunguzia mzigo.

"Shangazi, mimi huwa nachapa mwenyewe. Siku hizi mawakili wote wanachapa wenyewe. Kazi zangu za kweli sijawahi kukupa. Hizi ninazokupa ni zile nyepesi, nyingine nilishazimaliza usiku, nikakupa tu uzirudie. Baba aliniambia Shangazi asiondoke, nami sikutaka uondoke. Lakini sasa wateja wamekimbia, na kesho mji mzima utajua. Nenda kapumzike. Umeshafanya kazi ya kutosha."

Wifi alitoa mikono yake polepole kutoka kwenye ile iliyomshika.

"Kumbe nilikuwa nafugwa," akasema.

"Shangazi, si hivyo."

"Ni hivyo, mwanangu. Ulinifuga vizuri, sikatai. Hukunipiga."

Akasimama, akavuta mkoba wake mahali ulipo, akatoka. Ngazi aliziteremka mwenyewe mbele yangu, bila kushika ukuta, kwa mwendo wake wa kila siku, na watu wa ofisi za chini wakamsalimu akawajibu mmoja mmoja. Hakuna hata mmoja aliyejua. Hiyo ilikuwa mara ya mwisho.

Maana Wakili Mdogo, kwa wema wake, alikuwa ameshampigia simu kaka yangu.

Tulimkuta kaka kibarazani. Alikuja mbio akamshika mke wake kiwiko. "Polepole, polepole. Kuna ngazi hapo."

"Najua ipo. Nilimsimamia fundi akiijenga."

"Inua mguu. Haya, mwingine."

Nikamwona wifi ameinua mguu kama alivyoambiwa. Nyumba yake mwenyewe, aliyoizunguka usiku na mchana macho yakiwa yameshakufa, akipika, akifua, akishona vifungo, kaka yangu anakula na kusifu. Tangu jioni ile akasahau alikuwa anakula chakula kilichopikwa na nani. Viazi alivyokuwa akimenya akanyang'anywa na kisu chake. Birika likahamishwa juu. Vyombo vikapangwa upya ili asijikwae, na kwa sababu vimepangwa upya, sasa anajikwaa.

Kaka yangu si mkatili. Ukimwona alivyomfunika shuka, alivyomkatia nyama vipande vidogo, utasema kuna wanaume wangapi wa hivi. Aliniuliza siku moja, wifi akiwa amekaa pale pale katikati yetu, "Amekula huyu?"

"Niulize mimi," wifi akasema. "Mdomo haujaharibika."

"Nimeuliza tu, mama. Usikasirike, utapandisha presha." Kisha akanigeukia tena. "Amekula?"

Jirani akija anapokewa mlangoni kwa sauti ya chini ambayo wote tunaisikia: mwenzenu haoni tena. Basi jirani anaingia anasema kwa nguvu, kama anaongea na mtu aliye ng'ambo ya barabara, "HUJAMBO? UNANIJUA MIMI NI NANI?" Wifi anamjua tangu hatua ya kwanza ya kiatu. Zamani angemtaja na jina na utani juu. Sasa anasema, "Sijui. Wewe ni nani?" Nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Wifi, wamekuja kumwona mtu asiyeona. Niwaharibie safari?"

Nilimletea wazo la ile sauti. Nilisema tutafute kompyuta hata ya mkono wa pili, aiwashie mdomo, achape hata barua za watu wa mtaani. Kaka akakataa kabla hajamaliza kunisikia. Alisema mke wake amepumzika, aachwe apumzike, yeye hataki ahangaike watu wakasema anamtumikisha kipofu. Nikamtazama wifi nikidhani atakuja juu. Alikuwa anaangalia pembeni, upande ule anaoona kidogo, dirishani.

"Umemsikia kaka yako," akasema.

"Wewe unasemaje?"

"Nisemeje? Nilipokuwa nasema, nilikuwa mchapaji."

Mimi bado napanda zile ngazi. Mtu lazima ale. Wakili Mdogo ananiheshimu, ananiuliza hali ya Shangazi kila Ijumaa, ananipa maziwa na sabuni nimpelekee, na machozi yake ni ya kweli. Anachapa mwenyewe, vitufe havitoi mlio, ofisi imekuwa kimya hata nasikia birika linavyoanza kuchemka. Meza ya wifi imewekwa majalada.

Usiku ninapiga magoti nawaombea wote, mtu kwa mtu. Namwombea Wakili Mdogo, Mungu amzidishie. Namwombea yule fundi. Namwombea mjane apate mnunuzi mwingine. Namwombea wifi. Nikifika kwa kaka yangu, mtoto wa mama yangu, aliyenibeba mgongoni nilipokuwa mdogo, ulimi unakuwa mzito. Kisha nalitaja jina lake haraka haraka, nisije nikasikia ninachokisema, nainuka, nalala.